Mapito Mawili ya Mwalimu Pontien

Mheshimiwa Waziri, uliyekubali kuja ingawa barabara ya uwanja wa ndege imefungwa tangu asubuhi. Mheshimiwa Mkuu wa Chuo. Waheshimiwa mapadri, wachungaji na mashehe. Ndugu walimu na madaktari. Ndugu wageni waalikwa, na hasa dada yetu Mwanasiti aliyevuka ziwa ili awe nasi. Wanafunzi mliosimama madirishani kwa kukosa viti. Nawe Mwalimu Pontien, pamoja na mkeo, mama Adélaïde, aliyekuvumilia miaka yote hii: amahoro, amani kwenu nyote.

Mimi ni Massoudi, mzaliwa wa Buyenzi, daktari wa kusoma picha za ndani ya mwili. Nilikuwa nimeandaa maneno haya kwa Kifaransa, kama desturi ya sherehe za hapa Rohero inavyotaka. Juzi Mwalimu akanikatalia. Aliniambia, "Docteur, sema Kiswahili. Kazi tuliifanya kwa Kiswahili. Halafu kuko mutu atakuwa mule ndani, nataka asikie yote, asitafsiriwe." Mtu huyo yumo. Ameketi kiti cha nyuma kabisa, akakataa cha mbele tulichomtengea. Nitafika kwake.

Mheshimiwa Waziri, katika sherehe ya kumuaga mstaafu watu huruhusiwa kusema uongo kidogo. Mvivu huitwa mpole, mkali huitwa mpenda haki, na kila mtu hula wali wake akaenda zake. Leo mimi nimenyimwa ruhusa hiyo na mstaafu mwenyewe. Kwa hiyo nikisema kitu kisichopendeza, lawama zimwendee yeye. Ameshatoka kazini, hamwezi kumfanya kitu.

Mwalimu Pontien amefundisha hisabati katika mji huu tangu wengi wetu tukiwa hatujavaa viatu. Mapenzi yake makubwa yalikuwa swali moja, ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza hulicheka: ukiwa na picha iliyojaa vitone, utajuaje ni vitone gani vimeshikana na vipi havikushikana? Mwaka wa tisini na tano niliingia darasani kwake kumsikiliza. Madawati yalikuwa mengi kuliko wanafunzi, na hakuna aliyeuliza wenzao wako wapi. Akachora vitone ubaoni, akasema, "Vitone viwili ni vya eneo moja kama mtu anaweza kutoka hiki kwenda kile kwa kukanyaga vitone tu, asikanyage utupu. Kwa mfano, mtu akitoka Nyakabiga kwenda Kamenge..."

Chaki ikasimama. Nani mwaka ule wa vita, mitaa hiyo miwili ikiwindana, alitoka Nyakabiga kwenda Kamenge akarudi kusimulia? Mwalimu akachukua kitambaa, akafuta ubao wote, akaanza upya na visiwa.

Baadaye kidogo kliniki niliyokuwa nikifanyia kazi ikapata scanner, mashine iliyochoka, iliyotumika kwingine kabla ya kutufikia. Kwa wageni wasio wa kazi hii nieleze: scanner hukikata kichwa cha mtu kama mkate, vipande vyembamba vyembamba, bila kukigusa kwa kisu. Mimi hupewa vipande, kimoja kimoja. Lakini mgonjwa hana vipande. Mgonjwa ana kichwa kizima. Damu ikivujia chini ya fuvu na kukaa, mimi huona doa katika kila kipande. Je, madoa hayo ni dimbwi moja la damu, au ni mawili yanayopakana, yakitenganishwa na utando? Swali hilo si la kupitisha wakati. Kama ni dimbwi moja, daktari wa upasuaji anatoboa tundu moja, damu inatoka, mgonjwa anapona. Kama ni mawili, tundu moja linakausha dimbwi moja tu, na lile lingine linaendelea kuubana ubongo.

Na jicho hudanganyika. Katika kipande hiki utando unaonekana, katika kile hauonekani vizuri, na ukishafika kipande cha ishirini umesahau cha tano. Mwalimu Pontien alipoona taabu yangu alisema, "Hiyo ni kazi ya vitone vyangu. Ila sasa jirani hayuko kulia na kushoto tu, yuko na juu na chini."

Akatengeneza programu. Kila kitone cha damu kilipewa namba yake, kisha kompyuta ikapita kitone kwa kitone; kikikuta jirani mwenye namba ndogo kuliko yake, kinaichukua ile. Ikifika mwisho inarudi mwanzo, inapita tena, na tena, mpaka pasiwe na namba inayobadilika. Zinazobaki ndizo hesabu ya madimbwi. Njia hiyo haikosei. Lakini ni polepole, ndugu zangu, polepole ya kuumiza moyo! Dimbwi likiwa limepinda na kujiviringa, namba husafiri ndani yake kama mtu anayeuliza njia kwa kila nyumba. Na kompyuta yetu ilikuwa na kumbukumbu ndogo, haikuweza hata kuishika picha nzima kwa mkupuo.

Mwalimu alijua kwamba lazima kuwe na njia ya haraka. Alitafuta. Lakini atafute wapi? Vikwazo vya biashara tulivyowekewa na majirani vilikuwa vimetufunga, winchi za bandari zilisimama, na mafuta yaliuzwa kwa chupa. Tusiwasingizie majirani peke yao pia, Mheshimiwa Waziri: kabla ya vikwazo, maktaba yetu ilikuwa na rafu za vitabu vilivyopitwa na wakati. Nchi ilikuwa ikinunua vitu vingine, mnavijua.

Hapo, mwaka wa tisini na saba, ndipo alipokuja Médiatrice.

Médiatrice alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Buterere, kule chini ambako mvua ikinyesha darasa na shamba la mpunga huwa kitu kimoja. Siku moja risasi zililia karibu na shule. Aliwasukumia watoto ndani, na yeye, akiwa wa mwisho, akateleza mlangoni na kugonga kichwa kwenye saruji. Aliinuka, akajipangusa, akaendelea kufundisha. Wiki zikapita. Kisha kichwa kikaanza kumuuma, akapewa dawa ya malaria. Kisha akaanza kusahau majina ya wanafunzi wake. Wao walidhani ni mchezo, wakawa wanampa majina ya uongo naye anayakubali. Siku aliposahau jina la mumewe, mumewe alimpandisha kwenye baiskeli ya kukodi akamleta kwetu.

Mume huyo ni Térence, mtu wa bandarini, msimamizi wa mizigo. Ndiye aliyeketi nyuma.

Nilipiga picha. Damu ilikuwepo, nyingi, upande mmoja. Katika vipande vya juu niliona kama uzi unaoigawa. Katika vya kati uzi ulififia. Nikamwita daktari wetu wa upasuaji, Xavier, tukaangalia pamoja. Akasema, "Mi naona ni moja. Lakini siapi." Nikamwita Mwalimu Pontien, akaja kwa miguu kutoka chuoni, akaiwasha programu yake.

Térence alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Akauliza, "Hii mashine itasema saa ngapi?"

"Itachelewa," Mwalimu akamjibu.

"Haiwezi kukimbia kidogo?"

"Apana, ndugu yangu. Njia ya kukimbia haiko duniani. Ingekuwako ningeitumia kwa bibi yako."

Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu Mwalimu ameniambia nisiyaruke.

Tulingoja. Namba zikawa zinapungua kwenye kioo cha kompyuta, zinapungua, halafu umeme ukakatika mtaa mzima. Ulipokuja, programu ilianza tena mwanzo. Ukakatika tena. Wakati huo Médiatrice alikuwa ameanza kulala usingizi usioamshika, na mboni ya jicho lake moja ilikuwa imetanuka. Xavier alinawa mikono. Alisema, "Siwezi kungoja hesabu." Na hakukosea, hakuna daktari mahali popote ambaye angengoja. Alitoboa tundu moja, damu nyeusi ikatoka kwa nguvu, sote tukashusha pumzi. Jioni Médiatrice alifumbua macho akamwita mumewe kwa jina. Térence alilia kwa furaha mbele yetu bila kuficha uso.

Kesho yake umeme ulikaa. Mwalimu aliiacha programu iende mpaka mwisho, kwa kutaka tu kukamilisha. Jibu lilikuwa mbili. Alikimbia, ndugu zangu; mimi sijawahi kumwona Mwalimu Pontien akikimbia kabla wala baada ya siku hiyo. Alitukuta tunatoka wodini. Térence alikuwa anamfunika mkewe shuka usoni.

Yoo. Nisameheni kidogo.

Mwalimu alikwenda matangani Buterere kila siku, hata siku ambazo njia haikuwa salama. Na huko, Mheshimiwa Waziri, ndiko jambo lilipotokea. Siku ya kuondoa matanga, wazee wa upande wa mume na wa upande wa mke walikuwa wakitambulishana. Kumbe babu wa huyu na babu wa yule walizaliwa na mtu mmoja, huko bara. Koo mbili zilizodhani hazijuani zikakuta ni moja. Mzee mmoja akasema, "Basi sasa hakuna haja ya kumwambia kila mutoto. Wakubwa wawili wamejua, inatosha. Mutoto akiuliza, atauliza mukubwa wake."

Mwalimu Pontien aliinuka pale pale na kikombe chake, akaja nilipokaa. "Massoudi," aliniambia kwa sauti ya chini, "kwa nini ninabadilisha namba ya kila kitone? Nibadilishe ya mukubwa tu."

Wanafunzi wake mnaijua njia iliyozaliwa hapo. Wengine na niwaeleze. Kompyuta inaipita picha mara ya kwanza. Kila kitone kinachukua namba ya jirani aliyekwisha kupitwa, wa pembeni au wa kipande cha juu. Asipokuwepo, kinapewa mpya. Namba mbili zikikutana, hakuna anayerudi nyuma kusahihisha. Inaandikwa pembeni, katika jedwali dogo, kwamba huyu na huyu wana mkubwa mmoja. Kisha inapita mara ya pili, na kila kitone kinaitwa kwa jina la mkubwa wake. Mapito mawili, basi. Dimbwi lijiviringe litakavyo. Na kumbukumbu ndogo inatosha, kwa maana unahitaji kukishika kipande ulichonacho na kile kilichotangulia tu.

Picha ya kwanza aliyoipitisha ni ya Médiatrice. Nilikuwa nafuta miwani yangu; sijaivaa, jibu limekwisha kutoka. Mbili. Mwalimu alikaa akiangalia kioo, akasema, "Angalia. Siku ile hata Xavier angekuwa hajanawa mikono."

Tangu hapo wagonjwa wengi wamepona kwa njia hiyo, na hili lazima lisemwe kwa sauti. Yuko mama wa Kinama aliyetobolewa matundu mawili akarudi kwake kwa miguu yake, na leo amelituma kapu la matunda lililo pale mezani. Wanafunzi wakaanza kuiita "njia ya Pontien", na yeye, niseme ukweli, alipenda. Nani asingependa? Katika miaka ambayo kila tulichokuwa nacho kilivunjwa au kuchomwa, mtu mmoja alikuwa ametengeneza kitu.

Vikwazo vikaondolewa. Mwaka wa elfu mbili tukampata mgeni wetu wa kwanza, Bi Mwanasiti, mzaliwa wa Tanga, mwalimu wa kompyuta. Mwalimu Pontien alivaa suti, akasimama mbele ya ubao, akaieleza njia yake mwanzo mpaka mwisho, na ukumbi ukapiga makofi. Wakati wa chai Bi Mwanasiti alimsogelea. Yuko hapa, atanisahihisha nikikosea.

"Mwalimu," alisema, "sijapata kumsikia mtu akilieleza jambo hili vizuri namna hii. Ila, niwie radhi sana. Njia hii sisi huwafundisha vijana wa mwaka wa tatu."

"Mwaka huu?"

"Miaka yote, Mwalimu. Nami nilifundishwa vivyo hivyo. Inakaribia umri wangu."

Mwalimu Pontien, ambaye hatumii sukari, alitia sukari katika chai yake, akakoroga. "Kwa hiyo mwaka wa tisini na saba..."

"Ilikuwapo."

"Mu vitabu vya watu wote?"

"Vya watu wote, Mwalimu. Vya kawaida kabisa."

Aliushukuru ukweli ule, kwa adabu, akamaliza chai. Kisha akarudi kwenye ubao ambao wanafunzi walikuwa wameandika jina lake juu ya ile njia, akalifuta jina, akaiacha njia.

Ndugu wageni waalikwa, nimefikiri sana juu ya siku ile. Watu wengine humpongeza kwa kuvumbua peke yake, gizani, kitu ambacho wenzetu walikivumbua kwenye mwanga. Ni sifa, sikatai. Lakini mimi najiuliza: fahari gani hiyo, ya kulazimika kuvumbua upya kile ambacho jirani anakifundisha vijana wake? Hatukukosa akili. Tulikosa kitabu cha kawaida kabisa. Vita tunavihesabu kwa maiti za barabarani, na ni haki. Nani atawahesabu waliokufa kwa sababu kitabu hakikufika? Tulijaribu angalau kuzirudia picha za wagonjwa waliotangulia kabla ya Médiatrice, tujue ni wangapi tuliwatoboa tundu moja. Hatukuweza. Disketi zilikuwa adimu, tulikuwa tumezifuta tukaandika nyingine juu yake. Hatujui, na hatutajua.

Wiki ile ile Mwalimu aliniomba nimsindikize bandarini. Tulimkuta Térence kati ya magunia ya saruji.

"Térence, nakuja kukuambia kitu kibaya."

"Kibaya kushinda kile?"

"Siku ile nilikuambia njia ya kukimbia haiko duniani. Ilikuwako. Watu waliijua zamani. Ni mimi njo sikuijua."

Térence alimwashiria mchukuzi aliyekuwa karibu aondoke. "Ilikuwa wapi?"

"Mu vitabu."

"Na vitabu vilikuwa wapi?"

Mwalimu akaelekeza mkono ziwani. Térence akatazama kule. "Ng'ambo? Mi nafanya kazi hapa, Profesa. Ng'ambo ni hapa tu. Meli inalala njiani, inafika." Kisha akauliza, "Umekuja kuniambia ya nini? Unataka nikusamehe?"

"Apana. Nilikupa neno la uongo, hata kama sikujua. Nimekuja kuliondoa."

"Umeliondoa. Sasa nenda."

Tukaenda. Baada ya hapo tukikutana naye njiani alikuwa anavuka upande wa pili, na Mwalimu hakumlaumu hata mara moja.

Bi Mwanasiti aliporudi kwao hakutusahau. Alikusanya vitabu kwa wenzake, akavipakia melini Kigoma. Sisi tulikuwa tunangoja kuitwa bandarini, tukijua jinsi mizigo inavyoweza kukaa pale mpaka mwenyewe azeeke. Lakini asubuhi moja mlango wa maabara ya Mwalimu hapa chuoni ulisukumwa. Alikuwa Térence. Alikuwa amelikuta jina la chuo juu ya kasha, akalishughulikia mwenyewe, akalipandisha kwa mkokoteni mpaka hapa, jua lote lile. Alilishusha sakafuni, shati limemganda mgongoni.

"Vitabu vyenu," alisema. "Vimefika. Vimechelewa."

"Ndiyo," Mwalimu akamjibu. "Vimechelewa."

Tulidhani ataondoka. Hakuondoka. Alisimama akiangalia kompyuta, kisha akasema, "Nionyeshe."

Mwalimu hakuuliza amwonyeshe nini. Aliifungua picha ya Médiatrice na kulipaka kila dimbwi rangi yake, moja buluu, moja manjano, akakigeuza kichwa kile polepole ili kionekane pande zote. Kati ya rangi hizo mbili palikuwa na mstari wa utupu, mwembamba, uliopanda toka chini hadi juu bila kutoboka popote. Térence aliinama. Akaweka kidole chake kwenye kioo, kidole cha mtu wa mizigo, kipana. Kiliufunika mstari wote pamoja na rangi za kando. Akakiondoa, akatazama tena.

"Ni haka kamustari tu?"

"Ni haka tu," Mwalimu alimwambia.

Mwalimu Pontien, wenzako wamekununulia saa ya ukutani, na Mheshimiwa Waziri atakupa cheti. Vipokee, umevifanyia kazi. Mimi sina zawadi. Nimesema ulichoniamuru niseme, mbele ya yule uliyetaka asikie. Pumzika, kaka.

Na ninyi nyote, kwa kuwa mmeniazima masikio yenu kwa jambo zito katika siku iliyopaswa kuwa ya vicheko, nasema asanteni sana. Murakoze cane.